Kubadilisha maji ya tangi la samaki kwa bomba: Python, Aqueon na mpira wa robo tatu wa dukani

Kifaa kinachojulikana zaidi kwa kazi hii ni Python No Spill Clean and Fill, kinachotengenezwa na Python Products ya Milwaukee, jimbo la Wisconsin, Marekani. Mpira wake unaonyesha maji yanayopita, kipenyo cha ndani ni nusu inchi, na huuzwa kwa urefu wa futi 25, 50, 75 na 100, yaani kuanzia mita 7.6 hadi mita 30.5. Mshindani wake wa karibu ni Aqueon Water Changer. Ukivifungua vyote viwili unakuta mambo yaleyale: pampu ya plastiki inayofungwa kwenye bomba, mpira, vali ndogo ya kufungua na kufunga, na mrija mpana wa kunyonyea uchafu kwenye changarawe. Wanachoahidi ni kwamba hutabeba ndoo, hutanyonya mpira kwa mdomo, na sebule haitalowa.

Kwenye kujaza, ahadi hiyo ni ya kweli. Ukishazoea kujaza tangi la lita 200 kwa mpira unaotoka bombani, huwezi kurudi kwenye kuinua ndoo ya lita 20 hadi usawa wa kifua. Kwenye kutoa maji ndipo penye maneno, hasa kwa nyumba zetu. Kipande kinachosifiwa zaidi kwenye boksi, yaani ile pampu, ndicho chenye kazi ndogo kuliko vyote, na mara nyingi ndicho kinachopoteza maji safi bila sababu. Mfumo wenyewe unafaa. Kununua boksi zima kutoka Marekani ni jambo jingine.

Pampu hiyo haina mota wala betri. Maji ya bomba yanapita kwenye tundu jembamba ndani yake, yanaongeza kasi, presha inashuka pembeni, na pale pembeni ndipo mpira wa kutoka kwenye tangi umeunganishwa. Presha ikishuka, hewa iliyomo kwenye mpira inavutwa kwanza, kisha maji ya tangi yanafuata, na yote mawili yanamwagika pamoja kwenye sinki. Ukitaka kujaza, unafunga kitako cha pampu ili tundu la chini lizibwe. Maji ya bomba yanakosa pa kutokea isipokuwa kwenye mpira, yanageuza njia na kwenda kwenye tangi. Ni ubunifu mzuri na hauna kitu cha kuungua.

Lakini unategemea presha. Kifaa kimebuniwa kwa miji ambayo bomba la jikoni lina presha ya ba (kipimo cha presha) 3 au 4. Nyumba nyingi za Dar es Salaam, Mombasa au Kampala hupandisha maji kwanza kwenye simtanki, kisha yanashuka kwa uzito wake mwenyewe. Kila mita 10 za kimo ni takriban ba 1, kwa hiyo simtanki lililo mita 3 juu ya bomba lina ba 0.3 tu. Kwa presha hiyo pampu haivuti kitu cha maana. Utaona povu refu la hewa kwenye mpira likisogea sentimita chache kuelekea bombani, linasita, linarudi. Wengi hapo hudhani pampu ni mbovu na kutafuta nyingine. Nyingine nayo itafanya hivyohivyo. Mwenye ghorofa lenye pampu ya umeme ya kuongeza presha, au anayepata maji ya mamlaka moja kwa moja kwa nguvu, ndiye atakayeona kifaa kikifanya kazi kama kilivyokusudiwa.

Hata presha ikiwa nzuri, kuna gharama. Muda wote pampu inapovuta, bomba lazima liwe wazi. Bomba linalotoa lita 8 kwa dakika likikaa wazi dakika 15 limemwaga lita 120 za maji safi kwenye sinki, ili kuondoa lita 60 au 70 za maji machafu. Kujua nyumba yako inapoteza kiasi gani ni rahisi: kinga maji ya bomba kwenye ndoo ya lita 10 na uangalie saa. Kwa anayenunua maji ya boza, hesabu hiyo inatosha kumaliza mjadala.

Kuna njia ya kati, nayo watumiaji wengi wa Python wanaijua: washa bomba mpaka maji ya tangi yaanze kutoka, kisha lifunge. Kama kitako cha sinki kiko chini ya usawa wa maji ya tangi, maji yataendelea kushuka yenyewe. Kama sinki liko juu kuliko tangi, au sawa nalo, hakuna ujanja. Ni pampu au ndoo. Hilo ndilo jambo la kupima kwa futi kabla ya kununua chochote. Chukua tangi la kawaida la sentimita 120 kwa 45 kwa 45 juu ya meza ya sentimita 75. Uso wa maji uko kama mita 1.1 kutoka sakafuni. Kitako cha sinki la jikoni kiko karibu sentimita 70, kwa hiyo tofauti ni sentimita 40 tu. Tundu la maji la bafuni liko sakafuni: tofauti mita 1.1 nzima.

Tofauti hizo zinaonekana kwenye saa. Kwa mpira wa nusu inchi wenye mita 15, sentimita 40 za kimo zinatoa karibu lita 3.5 kwa dakika. Ukipeleka mpira huohuo bafuni unapata karibu lita 6. Ukibadilisha mpira ukawa wa robo tatu ya inchi, urefu uleule, bafuni unapata kama lita 16 kwa dakika. Hapo ndipo boksi la Marekani linaposhindwa na duka la vifaa vya ujenzi la mtaani: mpira wake ni mwembamba kwa sababu umetengenezwa kusukumwa na presha ya bomba. Kwa maji yanayoshuka yenyewe, kipenyo ndicho kila kitu, na urefu wa ziada ni adui. Mwenye kuhitaji mita 10 asinunue futi 100 "kwa usalama". Mita 20 zilizokunjwa sakafuni zinapunguza kasi bila faida yoyote.

Meno yasiyolingana

Kabla ya kuagiza, angalia bomba lako. Adapta ya shaba inayokuja na vifaa vya Marekani ina meno ya vipimo vya kwao: inchi 15/16 kwa nje na 55/64 kwa ndani, meno 27 kwa kila inchi. Mabomba ya sinki yanayouzwa Afrika Mashariki na Ulaya yenye kichujio mdomoni kwa kawaida ni milimita 24 au 22, meno ya milimita 1. Ile ya 15/16 na ya milimita 24 zimekaribiana kiasi cha kudanganya: inaingia mizunguko miwili au mitatu, inakaza, na unadhani imekaa. Ukilazimisha, meno yanaharibika. Ukiacha hivyo, inavuja.

Mabomba ya uani nayo yana mtego wake. Yetu ni nusu inchi au robo tatu ya kipimo cha Kiingereza, meno 14 kwa inchi. Mpira wa bustani wa Kimarekani nao unaitwa robo tatu, lakini una meno 11 na nusu kwa inchi na ni mpana kidogo. Kwa macho vinafanana, lakini havifungani. Na kuna mabomba yasiyo na meno kabisa, ambayo hayana dawa ila kubadilisha bomba au kutumia lile la bafuni.

Uvujaji mdogo hapa si suala la matone tu. Pampu inapovuta, kiungo kinachovuja kinavuta hewa badala ya maji, na nguvu inakatika. Kama una presha nzuri na bado hakuna kinachokuja, angalia washa, ile pete laini ya kuzuia kuvuja ndani ya kiungo, kabla ya kitu kingine: mara nyingi imekunjwa, imekauka au imeanguka ndani ya sinki. Tepu nyeupe ya mafundi bomba, mizunguko minne au mitano kuelekea upande wa kukazia, inasaidia kwenye meno ya chuma. Kwenye meno ya plastiki usiizidishe, kwa sababu unene wake unaweza kupasua kiungo cha kike, yaani kile chenye meno kwa ndani.

Mfumo wa kujitengenezea

Vitu vyote vinapatikana. Mpira wa robo tatu unaoonyesha maji, mita 10 hadi 15 kulingana na chumba. Koki ya plastiki ya robo tatu, ile ya kuzungusha mkono robo mzunguko. Nipeli mbili za kuingizia mpira. Klipu nne za chuma kisichoshika kutu. Viunganishi vya kubofya vya mpira wa bustani, mfano wa Gardena au Hozelock, ambavyo upande wa bomba huja na meno ya nusu inchi na robo tatu ya kipimo chetu. Mrija wa kunyonyea unaweza kununuliwa peke yake kwenye duka la samaki wa mapambo. Ukikosa, chupa ngumu ya maji ya nusu lita iliyokatwa kitako inafanya kazi hiyo, mradi shingo ibanwe vizuri kwenye mpira. Usichague mpira wa kijani usioonyesha ndani. Kuona kinachopita ni nusu ya kazi: unaona povu la hewa, unaona mchanga ukianza kupanda, unamwona kifaranga kabla hajafika bafuni.

Mpira mpya wa plastiki una harufu. Pitisha maji dakika kadhaa, uache umejaa usiku mmoja, umwage, kisha ndipo uupeleke karibu na samaki.

Koki inakaa upande wa tangi, karibu na mkono, siyo upande wa bomba. Na hii ni kanuni isiyo na mjadala: unapojaza, bomba hufungwa kwanza, koki baadaye. Ukifunga koki ya kwenye tangi huku bomba likiwa wazi, mpira wote unabeba presha yote ya nyumba. Kwa simtanki la mita 3 hakuna kitakachotokea. Kwa pampu ya ghorofani, kiungo kinaruka na sebule inapata mvua. Pampu za plastiki za kiwandani zinapasuka kwa sababu hiyohiyo.

Kuanzisha mvuto bila pampu ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Unganisha mpira kwenye bomba, zamisha mrija kwenye tangi, fungua koki, kisha fungua bomba taratibu. Maji yanapanda yakisukuma hewa mbele yake, na hewa inatoka kwenye mrija kwa mapovu makubwa. Mapovu yakiisha, funga bomba, funga koki, bofya kiungo mpira uachie bomba, peleka ncha yake kwenye tundu la bafuni au kwenye bustani, kisha fungua koki. Maji yanashuka. Kilichoingia kwenye tangi ni kile tu kilichozidi ujazo wa mpira: mpira wa nusu inchi wa mita 15 unabeba lita 2 hivi, wa robo tatu lita 4 na kidogo. Linganisha na lita 120 zinazomwagwa na pampu. Ba 0.3 za simtanki zinatosha kwa hili, maana kazi ni kupandisha maji mita moja tu.

Ubora mwingine wa njia hii ni kwamba unaamua maji yaende wapi. Maji ya tangi la samaki wa maji baridi yana naitreti na fosfeti, mbolea tupu. Kuyachanganya na maji safi na kuyapeleka kwenye chemba huku mchicha na migomba inanyauka nyuma ya nyumba ni uzembe.

Wakati wa kutoa

Zima hita na uchomoe waya kabla ya maji kushuka, na uiache ipoe robo saa. Hita ya kioo ikibaki wazi huku inawaka, au ikipigwa na maji baridi wakati wa kujaza, inapasuka. Filta nayo izimwe ikiwa maji yatashuka chini ya mdomo wake wa kuvutia.

Weka alama ya tepu kwenye kioo. Tangi la sentimita 120 kwa 45 lina lita 5.4 kwa kila sentimita ya kimo, kwa hiyo sentimita 12 ni lita 65. Ukitoa mchanga, mawe na nafasi ya juu, tangi hilo linabeba kama lita 200 za maji, hivyo alama hiyo ni theluthi. Ukifika kwenye tepu, funga. Kukisia ndiko kunakowafanya watu wabadilishe robo wiki hii na nusu wiki ijayo.

Mchanga na changarawe si kitu kimoja. Kwenye changarawe ya milimita 3 hadi 5 zamisha mrija mpaka chini, acha punje zirukeruke ndani yake, uchafu upande, kisha inua punje zirudi. Mchanga wa nusu milimita, ambao wafugaji wa samaki wa Ziwa Tanganyika wanaupenda, unazama kwa kasi ya kama sentimita 6 au 7 kwa sekunde. Kwenye mrija wa sentimita 5, lita 6 kwa dakika zinapanda kwa sentimita 5 kwa sekunde, kwa hiyo mchanga unabaki, kwa shida. Lita 16 kwa dakika zinapanda karibu sentimita 14 kwa sekunde: mchanga wote unaelekea bafuni na kuziba tundu. Ukitumia mpira wa robo tatu juu ya mchanga, bana koki mpaka uone punje zinapanda nusu ya mrija na kurudi. Kwa samaki wanaoishi kwenye makombe ya konokono, kama Neolamprologus multifasciatus, usizamishe mrija kabisa. Upitishe sentimita 2 au 3 juu ya mchanga, na funika mdomo kwa soksi nyepesi kama kuna vifaranga.

Usitumie sinki la kuoshea vyombo ukiwa na sinki jingine. Maji ya tangi yanaweza kubeba bakteria kama Mycobacterium marinum, anayeingia kwenye ngozi kupitia mchubuko na kuleta vidonda vigumu kupona. Ndiyo maana pia kunyonya mpira kwa mdomo si tabia ya kuendelea nayo. Mwenye kidonda mkononi avae glavu.

Wakati wa kujaza

Hapa ndipo samaki wanapokufa. Unapojaza kwa ndoo, unaweka dawa ya kuondoa klorini kwenye ndoo. Unapojaza kwa mpira, maji yenye klorini yanaingia moja kwa moja kwenye tangi, na dawa lazima iwe imeshawekwa kabla tone la kwanza halijaingia. Kipimo nacho kinabadilika: hesabu ujazo wa tangi zima, siyo maji mapya peke yake. Dawa iliyomo imesambaa kwenye lita zote, na sehemu ndogo tu ndiyo inakutana na maji mapya pale yanapoingilia. Seachem Prime, kwa mfano, hutumiwa mililita 5 kwa lita 200. Kwa tangi letu la mfano ni hizo mililita 5, ingawa umeleta lita 65 tu.

Anayetumia chumvi ya sodiamu thiosalfeti, ambayo ni rahisi zaidi, afanye hivi: gramu 10 za fuwele zijazwe maji mpaka mililita 100, kila mililita moja iwe na miligramu 100. Miligramu 7 za fuwele zinatosha kwa miligramu 1 ya klorini. Maji yenye klorini miligramu 0.5 kwa lita, kwenye tangi la lita 200, yanahitaji mililita 7. Ukisikia harufu ya klorini bombani, weka maradufu. Kuzidisha kidogo hakudhuru, kupunguza kunaua. Angalizo kwa walioko Marekani: miji mingi huko hutumia kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia. Thiosalfeti inaivunja lakini inaacha amonia nyuma, kwa hiyo huko tumia dawa inayoshika na amonia.

Maji ya simtanki huwa yamepoteza sehemu ya klorini, lakini usitegemee hilo siku ambayo simtanki limejazwa asubuhi hiyohiyo. Maji ya kisima hayana klorini, ila yana gesi nyingi na oksijeni kidogo. Yaache yarushwe hewani yanapoingia, kwa kuinua ncha ya mpira au kuipigisha kwenye sahani. Maji ya presha nayo yakiingia kwenye tangi lenye joto zaidi hutoa viputo vidogo vinavyoganda kwenye kioo, kwenye majani na kwenye mapezi ya samaki. Ukiviona vimejaa mwilini mwa samaki, punguza kasi.

Halijoto ni tatizo la pande mbili. Nairobi maji ya bomba yanaweza kuwa nyuzi 18. Ukiingiza lita 65 za nyuzi 18 kwenye lita 135 za nyuzi 26, tangi linashuka hadi 23.4, ukipunguza ukaingiza lita 35 tu, linabaki 24.6. Kwa hiyo Nairobi, badilisha kidogo mara mbili kwa wiki badala ya theluthi kwa mkupuo. Pwani ni kinyume: simtanki jeusi juu ya bati saa nane mchana lina maji ya kuogea, jaza alfajiri. Muscat wakati wa kiangazi hali ni hiyohiyo na zaidi, bomba la "baridi" linatoa maji ya moto kwa sababu simtanki na mabomba yako juani. Pima kwa kipimajoto kwenye mkondo wa bomba, siyo kwa kidole. Tofauti ya nyuzi 1 au 2 haina shida.

Maji kurudi nyuma

Hili halizungumzwi vya kutosha, na kwa mahali penye mgao wa maji ni zito kuliko mengine yote. Unajaza, ncha ya mpira imezama kwenye tangi. Maji yanakatika, na mtu wa ghorofa ya chini anafungua bomba. Mabomba ya nyumba yanapotoka maji, yanavuta, na tangi lako linaanza kumwagika kwa kurudi nyuma, kuingia kwenye maji ya kunywa ya nyumba. Uingereza, kanuni za vifaa vya maji za mwaka 1999 zinataka bomba la kuunganisha mpira liwe na kinga dhidi ya hilo. Kwetu ni wewe mwenyewe. Kinga ya bure ni kuning'iniza ncha ya mpira sentimita 5 juu ya usawa wa juu kabisa wa maji, ukiibana kwenye ukingo wa tangi kwa kibanio. Kinga ya pili ni vali ya kuzuia maji kurudi, ya shaba, nusu inchi, inayofungwa bombani kabla ya mpira; ina mshale wa uelekeo, na ikifungwa kinyume haipitishi kitu. Weka zote mbili.

Na usiondoke. Bomba la lita 8 kwa dakika linaongeza sentimita moja na nusu kila dakika kwenye tangi la mfano. Simu ya dakika kumi ni sentimita 15.

Nani asinunue

Tangi la lita 60 halihitaji kitu hiki. Theluthi yake ni ndoo moja. Kuanzia lita 100 hivi ndipo mpira unapoanza kulipa, na kwa mwenye matangi matatu au manne hauna mbadala. Tangi la maji ya bahari halihusiki kabisa upande wa kujaza, kwa kuwa chumvi huchanganywa na kupimwa kwenye pipa kabla ya kuingia. Huko mpira ni wa kutoa tu. Kuna pia vifaa vidogo vya kuminya kwa mkono vyenye mpira wa mita moja na nusu au mbili. Vinafaa kwa tangi la mezani, lakini havifiki bafuni.

Kwa aliye Marekani au Kanada mwenye bomba la presha na sinki la karibu, Python ya futi 25 au 50 ni ununuzi mzuri, mradi atumie pampu kwa kuanzishia tu na kufunga bomba mara mvuto ukishika. Anunue na washa za akiba. Kwa Dar, Mombasa, Nairobi au Bujumbura, agiza labda mrija wa kunyonyea na vali, mengine yote yanunuliwe hapahapa.

Baada ya kazi, inua mpira kuanzia katikati maji yote yatoke, uutundike kivulini. Mpira unaoonyesha ndani ukiachwa juani na maji unaota ukungu wa kijani ndani ya wiki chache, na ukungu huo unakatika vipande na kuingia kwenye tangi unapojaza. Ukishaota, ujaze maji yenye kijiko cha klorini ya kufulia nguo, uache usiku mmoja, suuza sana, kisha pitisha maji yenye thiosalfeti. Klipu kagua mara kwa mara zisije zikalegea. Mpira wa plastiki ukipata joto unalainika na kuteleza kwenye nipeli, na huwa unateleza siku bomba linapokuwa na nguvu kuliko kawaida.